Mwangaza Unaovunja Sumu



Siku hizi watu wanasikia katika radio, katika magazeti na katika mazungumzo ya vijana waliosoma habari za dawa ya namna ya ajabu. Wanasema: kuna chembe ndogo kabisa, zisizoonekana kwa macho, ambazo gizani zinalala kama zimekufa, lakini zikipigwa na mwangaza zinaamka, zinavunja sumu, zinaua mikrobi, na hata kuharibu seluli za kansere. Wengine wanashangilia sawa vile magonjwa yote yamekwisha. Wengine wanacheka na kusema: hayo ni hadisi za watu wa ngambo. Tena wako wenye kupenda feza, ambao wanachukua jina hilo la elimu na kulibandika juu ya chupa wanazouzisha sokoni.

Museminari wa leo atakuwa padri wa kesho, na katekista anaishi kila siku katikati ya watu. Mama mwenye mutoto mugonjwa hatafungua kitabu cha shimi; atauliza mutu anayemutumainia. Kwa hiyo inatupasa kujua jambo hili ni nini, linafanya kazi namna gani, na linakomea wapi. Tutaona kwanza nguvu ya mwangaza wenyewe. Kisha kazi zake tatu katika uganga. Kisha mipaka yake. Na mwisho, yale yanayotupasa sisi.

1. Nguvu ya mwangaza

Musomaji wa kitabu cha Mwanzo anakumbuka ya kuwa mwangaza uliumbwa siku ya kwanza, mbele ya jua na nyota. Katika karne ya 13 Robert Grosseteste, askofu wa Lincoln katika Uingereza, aliandika kwa Kilatini kitabu kidogo kinachoitwa De luce, akijaribu kuonyesha ya kuwa mwangaza ndio umbo la kwanza la vitu vyenye mwili. Fizika ya leo haimufuati katika kila neno. Lakini inakubali jambo moja: mwangaza haukuwekwa kwa kutuonyesha njia tu. Mwangaza ni nguvu, nao unafanya kazi ndani ya vitu.

Nguvu hiyo haiji kama maji ya muto yasiyokatika. Inakuja kwa mafungu, fungu kwa fungu, kama Albert Einstein alivyoeleza mwaka 1905. Kila rangi ya upinde wa mvua ina fungu lake. Fungu la rangi nyekundu ni dogo. La samawi ni kubwa zaidi. La zambarau linapita hilo. Na nyuma ya zambarau kuna mwangaza ambao macho yetu hayauoni, unaoitwa ultravioleti, wenye mafungu makubwa zaidi. Huo ndio unaopausha nguo zilizoanikwa juani siku nyingi.

Tushike vizuri neno hili la mafungu, kwani ndilo musingi wa yote. Mutoto asiye na nguvu anaweza kutupa vijiwe 1000 chini ya mwembe, na hakuna hata kimoja kitakachofikia embe la juu. Mwenye mukono wa nguvu anatupa kimoja tu, na embe linaanguka. Vile vile kwa mwangaza: mwangaza mwekundu, hata uwe mwingi namna gani, hauwezi kufanya kazi inayodai fungu kubwa; lakini mwangaza kidogo wa ultravioleti unaiweza. Asiyeelewa jambo hili hatajua kwa nini taa fulani inaponyesha, na nyingine, yenye kuangaza kuipita, haifai kitu.

Wenye elimu wanapima mwangaza kwa nanometre. Nanometre moja ni metre moja iliyogawanywa mara 1.000.000.000. Mwangaza wa samawi unaotumiwa katika lopitali uko kati ya nanometre 460 na 490. Chini ya 400 ndipo unaanza ultravioleti. Hesabu ikishuka, fungu linakuwa kubwa.

2. Kazi ya kwanza: mwangaza peke yake

Damu yetu inafanywa upya kila siku. Seluli nyekundu zilizochoka zinavunjika, na katika kuvunjika kwao kunatoka kitu cha manjano kinachoitwa biliribini. Katika mutu mukubwa ini linakichukua, linakitengeneza, na kukitoa pamoja na nyongo. Lakini ini la mutoto aliyezaliwa sasa, zaidi sana aliyezaliwa mbele ya wakati, halijazoea kazi hiyo. Biliribini inazidi, macho na ngozi vinakuwa manjano. Kwa watoto wengi mambo haya yanapita yenyewe. Kwa wengine biliribini inapanda mpaka kuingia katika ubongo. Na hapo mutoto anakufa, ao anapona akiwa kiziwi, na viungo vyake vimejipinda kwa maisha yote. Zamani wanganga hawakuwa na njia kubwa isipokuwa kubadilisha damu yake yote, kazi ngumu na ya hatari.

Mwaka 1956, katika lopitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi mumoja, jina lake J. Ward, alikuwa anatunza watoto waliozaliwa mbele ya wakati. Katika lugha ya lopitali za kule muuguzi mukubwa anaitwa « Sister », hata kama si mutawa. Yeye aliamini hewa safi na jua, akawa anawatoa watoto katika kiwanja siku za joto. Siku moja alionyesha wanganga mutoto mumoja: ngozi yake yote ilikuwa imeacha umanjano, isipokuwa mahali pamoja penye pembe tatu, palipofunikwa na ncha ya shuka. Pale palipofunikwa pakabaki manjano. Kisha chupa ya damu ya mutoto mwingine ilisahauliwa juani kwenye dirisha; walipoipima, biliribini ilikuwa imepungua sana. Munganga R. J. Cremer na wenzake wakachungua jambo hilo, wakatengeneza taa za samawi, na mwaka 1958 wakatangaza matokeo yao katika gazeti la wanganga la London, The Lancet.

Mwangaza unafanya nini pale? Unapita katika ngozi nyembamba ya mutoto, unapiga molekuli ya biliribini, na kuigeuza umbo. Umbo la kwanza linakataa maji, kwa hiyo haliwezi kutoka bila kazi ya ini. Umbo la pili linayeyuka katika maji, linatoka kwa nyongo na kwa mukojo. Sehemu nyingine ndogo inavunjika kabisa. Hapa mwangaza ndio dawa yenyewe. Leo taa hizo zinatumiwa ulimwenguni kote. Tena mwaka 2015 wanganga waliofanya kazi katika Nigeria walionyesha ya kuwa jua lenyewe, likipitishwa katika karatasi za plastiki zinazozuia ultravioleti na joto lake na kuachia samawi, linaponyesha watoto hawa bila kushindwa na taa za kawaida. Lakini angalia: watoto hao walikuwa katika lopitali, chini ya macho ya wanganga, wakipimwa damu na joto la mwili. Hawakuwekwa tu juani.

3. Kazi ya pili: mwangaza pamoja na rangi

Niels Finsen, munganga wa Denmaki, alizaliwa mwaka 1860. Alikuwa mugonjwa tangu ujana wake, naye alipenda kujua jua linafanya nini ndani ya vyenye uzima. Alitengeneza taa kubwa ya umeme, akakusanya mwangaza wake kwa vioo, akaupoza kwa maji usiunguze, na kuuelekeza juu ya nyuso za watu waliokuliwa na lupus, ni kusema kifua kikuu cha ngozi. Watu ambao walikuwa wanaficha nyuso zao kwa haya wakapona. Mwaka 1903 alipewa zawadi ya Nobel ya uganga. Mwaka 1904 akafa, akiwa na miaka 43. Watu wakasema ni ultravioleti iliyoua mikrobi. Lakini mwaka 2005 wenye elimu wa Denmaki walipima tena vioo vyake vya zamani, wakaona ya kuwa ultravioleti kali haikuweza kupita pale. Basi ni nini kilichoponyesha? Jibu lililo karibu na kweli ni hili: mikrobi za kifua kikuu zina ndani yao rangi zinazoitwa porfirini, mwangaza uliamsha rangi hizo, nazo zikageuza oksijeni kuwa sumu kwa mikrobi yenyewe.

Namna hiyo ilikuwa imekwisha kuonekana Munich, katika Ujerumani. Mwaka 1900 Oscar Raab, mwanafunzi wa mwalimu Hermann von Tappeiner, alitangaza jambo alilogundua juu ya vijidudu vya maji vinavyoitwa paramesi. Alivitia katika maji yenye rangi ya akridini. Mara vilikufa upesi, mara vilikawia, ingawa rangi ilikuwa kipimo kile kile. Alichungua mpaka akajua sababu: palipokuwa na mwangaza vilikufa, gizani viliishi. Rangi peke yake haikuviua. Mwangaza peke yake haukuviua. Vyote viwili pamoja viliviua. Nyuma yake mwalimu wake alionyesha ya kuwa kunahitajiwa kitu cha tatu, oksijeni.

Toka hapo kukazaliwa dawa ya kansere yenye kutumia mwangaza. Mugonjwa anapigwa sindano ya rangi. Rangi inakaa zaidi katika seluli mbaya. Kisha munganga anaangaza pale tu penye ugonjwa. Mwaka 1993 serikali ya Kanada ilikuwa ya kwanza kukubali dawa ya namna hii. Mugonjwa aliyeipokea anapashwa kujificha na jua kali kwa majuma mengine, kwani rangi iko bado katika ngozi yake, nayo haiulizi kama mwangaza unatoka kwa munganga ao kwa dirisha.

4. Kazi ya tatu: mwangaza pamoja na chembe

Sasa tunafika kwa chembe zenyewe. Kati ya zote, ile iliyochunguliwa zaidi ni oksidi ya titani. Hiki si kitu kigeni kwetu: ni unga mweupe unaotiwa katika rangi ya kupaka kuta na katika dawa nyingine za meno.

Mwaka 1967, katika chuo kikuu cha Tokyo, mwanafunzi Akira Fujishima, akifanya kazi chini ya mwalimu wake Kenichi Honda, alitia kipande cha oksidi ya titani ndani ya maji na kukiangazia taa kali. Akaona viputo vya hewa vikitoka. Maji yalikuwa yanavunjika. Wakatangaza jambo hilo mwaka 1972 katika gazeti la Nature. Na kile kipande cha titani? Hakikuliwa wala kupungua.

Ndani yake mambo yanakwenda hivi. Katika oksidi ya titani elektroni zinakaa kama watu katika nyumba ya chini. Juu kuna nyumba ya pili, tupu. Katikati hakuna ngazi. Fungu dogo la mwangaza haliwezi kurusha elektroni mpaka juu. Lakini fungu la ultravioleti, la chini ya nanometre 388, linaweza. Elektroni inaruka, na pale ilipotoka kunabaki nafasi wazi. Nafasi hiyo ina njaa kubwa: inanyanganya elektroni ya maji yaliyo karibu, na maji yale yanageuka kuwa kitu kikali kinachoitwa radikali ya hidroksili. Upande mwingine elektroni iliyoruka inajitia kwa oksijeni, nayo inakuwa kali vilevile. Vitu hivi viwili havikai hata kitambo kidogo; vinashika molekuli yo yote iliyo karibu na kuipasua. Kama ni sumu yenye kaboni, inakatwa kipande kwa kipande, mpaka, kazi ikiendelea vizuri hata mwisho, inabaki gazi karboniki, maji na chumvi kidogo. Chembe yenyewe inabaki vile ilivyokuwa, tayari kwa fungu jingine.

Utauliza: kwa nini zinatakiwa chembe ndogo namna hii, nyingi za nanometre 20 ao 30 tu? Kwa sababu kazi yote inafanyika juu ya ngozi ya chembe, si ndani. Tuhesabu. Tofali dogo la sentimetre 1 kila upande lina uso wa sentimetre 6 za muraba, si zaidi ya stampu moja ya posta. Ukilikata tofali lile lile kwa vitofali vya nanometre 10, nyuso zake zote pamoja zinakuwa metre 600 za muraba: shamba la metre 20 kwa metre 30. Uzito haukuongezeka hata kidogo. Mahali pa kufanyia kazi ndipo palipoongezeka mara 1.000.000.

Mwaka 1985 Tadashi Matsunaga na wenzake katika Japani walionyesha ya kuwa chembe za titani zikiangazwa zinaua mikrobi. Mwaka 1992 Fujishima na wenzake walionyesha ya kuwa zinaua hata seluli za kansere katika vyombo vya laboratwari. Katika Japani tofali za kuta zenye ngozi ya titani zimewekwa katika vyumba vya kupasulia wagonjwa, na mikrobi juu ya kuta hizo zikapungua sana. Wengine wanachungua maji machafu ya lopitali, yenye mabaki ya antibiotiki, ya dawa za kansere na ya homoni, ambayo vyombo vya kawaida vya kusafishia havivishindi vyote. Maji hayo yakipitishwa juu ya titani iliyoangazwa, mabaki mengi yanavunjika.

Tusichanganye kazi hii na nyingine inayofanana nayo. Katika Marekani kumetengenezwa chembe zenye ngozi nyembamba ya zahabu. Hizo hazipasui sumu: zikipigwa na mwangaza ulio nyuma ya nyekundu, zinapata moto na kuunguza kansere iliyo karibu nazo. Mwaka 2019 kulitangazwa majaribu ya kwanza juu ya wanaume 16 wenye kansere ya prostati. Ni mwanzo mwema. Lakini watu 16 ni mwanzo tu.

5. Mipaka

Mutu wa elimu ya kweli anajulikana kwa kutaja mipaka. Hapa tunaona mine.

Wa kwanza ni mwangaza wenyewe. Ultravioleti inakwama katika ngozi. Haifiki kwa ini wala kwa mapafu. Tena katika mwangaza wote wa jua unaotufikia, ultravioleti ni karibu sehemu 4 ao 5 tu juu ya 100. Kwa hiyo wenye elimu wanajaribu kuchanganya titani na vitu vingine, ipate kuamka kwa mwangaza wa kawaida. Mwangaza ulio nyuma ya nyekundu unapita mbali zaidi katika nyama, lakini nao ni sentimetre chache.

Wa pili: radikali haina macho. Inapasua sumu, inapasua mikrobi, inapasua vilevile seluli nzima ya mutu. Ukali wake ndio faida yake na ndio hatari yake.

Wa tatu: chembe inabaki. Dawa ya maji inatoka kwa mukojo. Chembe ya titani ao ya zahabu inaweza kukaa muda murefu katika ini na katika wengu. Tena mwaka 2006 shirika la kimataifa la kuchungua kansere, lenye makao yake Lyon katika Ufaransa, liliweka oksidi ya titani katika kundi la vitu vinavyoweza kumuletea mutu kansere, kufuatana na majaribu ya panya waliovuta vumbi lake. Na mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulikataza kuitia katika vyakula.

Wa ine: sumu iliyovunjwa nusu si lazima iwe chakula. Pengine vipande vya katikati ni vibaya kuliko kitu cha kwanza. Kwa hiyo haitoshi kuona rangi ya maji imetoweka; inapashwa kupima kile kilichobaki.

Basi tukikusanya yote: taa ya samawi kwa watoto wa manjano ni dawa iliyosabitishwa, rangi inayoamshwa na mwangaza ni dawa ya magonjwa fulani, katika lopitali zenye vyombo, chembe za zahabu ziko katika majaribu, chembe za titani zinafanya kazi nzuri juu ya kuta na katika maji, lakini kuzitia ndani ya mwili wa mutu kwa kuvunja sumu, hiyo ni kazi ya laboratwari bado. Mutu akikuuzishia chupa sokoni na kusema ina chembe za mwangaza zinazosafisha damu, ujue anakudanganya.

6. Jua letu na maji yetu

Je, sisi ambao hatuna vyombo hivyo, hatuna sehemu yo yote? Tunayo. Mwaka 1980 Aftim Acra na wenzake, katika chuo kikuu cha Wamarekani cha Beirut, Lebanoni, walitangaza ya kuwa mwangaza wa jua unaua mikrobi katika maji yaliyo ndani ya vyombo vyenye kupitisha mwangaza. Mwaka 1996 wenye elimu wa Ireland walitangaza matokeo ya majaribu yao kati ya Wamasai wa Kenya: watoto waliokunywa maji yaliyowekwa juani katika chupa walipata kuhara mara chache kuliko wale ambao chupa zao zilikaa ndani ya nyumba.

Wakristo wa Kivu hawahitaji kuelezwa samani ya maji safi. Mwaka 1994 kolera iliua maelfu ya wakimbizi karibu na Goma kwa majuma machache, kando ya ziwa lenye maji mengi.

Namna ya kufanya ni hii. Twaa chupa nyeupe ya plastiki yenye kuonyesha ndani, isiyopita litre 2, iliyosafishwa, isiyokwaruzwa sana. Jaza maji yaliyotulia. Simamisha chupa juu ya maandiko ya gazeti: kama huwezi kuyasoma kupitia maji, maji yana tope; yachuje kwanza. Kisha funga chupa na kuilaza juani, juu ya bati kama liko, masaa 6. Kama mawingu yanafunika zaidi ya nusu ya mbingu, iache siku 2 nzima. Siku za mvua tupu njia hii haifai, chemsha maji. Kazi ya ndani ni ndugu ya ile tuliyoeleza: ultravioleti inaamsha vitu fulani vilivyo katika maji na katika mikrobi yenyewe, oksijeni inageuka kuwa kali, mikrobi zinakufa, na joto linasaidia. Lakini jua halitoi sumu ya migodi wala dawa za mashamba. Na penye dawa ya klori ao kuni za kuchemshia, tusiziache.

7. Yanayotupasa

Mutakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha ya kuwa Mungu, katika wema wake, hakutaka kufanya yote peke yake. Aliwapa viumbe heshima ya kuwa sababu za kweli, causae secundae. Mwangaza unaovunja sumu ni sababu ya namna hiyo. Mukristo anayeuchungua hapunguzi utukufu wa Mungu; na anayeuzarau kwa kusema « mimi nina sala » anakataa mukono mumoja wa Baba yule yule.

Papa Pius XII, akisema na wanganga mwezi wa Septemba 1952, alifundisha ya kuwa tamaa ya kujua, hata ni njema, haina ruhusa ya kufanya lo lote juu ya mwili wa mutu. Mugonjwa si chombo cha majaribu. Munganga ana haki ile tu ambayo mugonjwa anamupa, naye mugonjwa mwenyewe hana ruhusa ya kutoa zaidi ya ile aliyopewa na Mungu. Neno hili linafaa sana kwa dawa hizi mpya. Kama siku moja zinaletwa katika inchi zetu kwa kujaribiwa, masikini wapewe maelezo katika lugha yao, nao wawe na uhuru wa kukataa. Na Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alikumbusha ya kuwa kupata maji safi ya kunywa ni haki ya kila mutu.

Neno la mwisho ni kwa wakatekista. Mara nyingi wanaitwa usiku: « Njoo, mutoto anakufa, mubatize. » Wanakwenda, wanabatiza, kama Kanisa linavyowaruhusu katika hatari ya kufa, na kisha wanarudi nyumbani, wakifikiri kazi imekwisha. Mara nyingine haijaisha. Tazama mutoto huyo. Kama amekuwa manjano katika siku yake ya kwanza. Kama umanjano umefika katika viganja na nyayo. Kama hanyonyi, amelegea, analia kwa sauti nyembamba ao anajipinda mugongo nyuma: huyo ana hatari ambayo mwangaza wa lopitali unaweza kuiondoa, kama afike mbele ubongo haujaharibika. Usimwambie mama amuweke juani asubuhi na kungoja. Jua la kiwanja halina kipimo. Linaweza kumuunguza, na upepo unaweza kumupa baridi, na saa zinapita. Tena uliza kama nguo zake zilihifaziwa na naftalini, kwani kwa watoto wengine harufu yake inavunja damu, na biliribini inapanda upesi. Wambie waiondoe, mama aendelee kumunyonyesha, nawe tafuta pikipiki, ao mutumbwi, ao watu wa kumubeba.

Maji ya ubatizo yamemufungulia mutoto mulango wa mbingu. Lakini hakuna amri inayomulazimisha kuuingia usiku ule ule. Mungu, aliyeumba mwangaza mbele ya vyote, atupe akili ya kuutumia na haraka ya kusaidia wadogo wake.